Gemu za simu zinavyoweza kuwafunza watoto wetu historia ya Mombasa

Kila siku maelfu ya watu hupitia Kengeleni wakienda Nyali, Kisauni, Bamburi na Mtwapa. Makanga hulitaja jina hilo kutwa, abiria wakashuka, wengine wakapanda, na matatu ikaendelea na safari. Lakini muulize kijana aliyeketi kando yako ni kengele gani hiyo inayotajwa, na mara nyingi atabaki kukutazama tu.

Kengele yenyewe ipo. Ni ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Jina lake limetokana na Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka wa 1873 kumshinikiza Sultani afunge biashara ya watumwa. Kengele ilipigwa kuwatahadharisha wakazi hatari ilipokaribia. Kwa hivyo kila makanga anapoita "Kengeleni!", anataja bila kujua habari ya watu waliolala jicho moja wazi wakihofia kurudishwa minyororoni.

Hivi ndivyo hali ilivyo Mombasa yetu. Historia tunaikanyaga asubuhi na jioni, ila mtoto huisoma darasani kama orodha ya tarehe za kukariri hadi siku ya mtihani. Wazee waliokuwa wakisimulia barazani wanatuaga mmoja baada ya mwingine. Nyumba za zamani zinabomolewa, magorofa yanapanda, na jina la mtaa hubaki bila mtu wa kulieleza. Na huyo kijana tunayemlaumu kwamba hajui chochote ana simu mkononi tangu alfajiri.

Leo nataka tuizungumzie simu hiyo, lakini si kwa kuilaani. Kuna aina ya gemu ambazo huchezwi ukiwa umelala kitandani. Ni lazima uinuke, utoke nje na utembee mjini. Miji mingine imezitumia kufunza historia, na matokeo yake yamepimwa. Naamini Mombasa inaweza kufanya hivyo pia, ila kuna masharti, na hayo ndiyo yanayonifanya niandike.

GEMU ZENYEWE NI ZIPI

Simu ya kisasa ina kifaa cha GPS ndani yake. Hupokea ishara kutoka kwa setilaiti kadhaa zinazozunguka dunia, ikapima muda ambao kila ishara imechukua kufika, kisha ikakokotoa mahali uliposimama. Ndicho kinachomwezesha dereva wa teksi kukufikia mlangoni bila kuuliza njia. Gemu za aina hii hutumia uwezo huohuo. Mtungaji huweka vituo kwenye ramani. Ukifika kituoni, simu hutambua kwamba umefika na kukufungulia kitu: swali, sauti, picha ya zamani, au mhusika anayekupa kazi ya kufanya. Usipofika, hakifunguki. Huwezi kudanganya ukiwa sebuleni.

Jambo hili lina historia yake. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiharibu makusudi ishara za GPS zinazotumiwa na raia ili usahihi wa kweli ubaki kwa jeshi. Kizuizi hicho kilipoondolewa, haikuchukua muda. Tarehe 3 Mei mwaka huo, mkazi mmoja wa jimbo la Oregon alificha ndoo msituni, akatangaza nambari za mahali ilipo, na watu wakaenda kuitafuta. Huo ukawa mwanzo wa mchezo unaoitwa Geocaching, ambao leo unachezwa karibu kila nchi. Mwaka wa 2012 ikaja Ingress, na mwaka wa 2016 ikaja Pokémon GO, zote mbili kutoka kwa Niantic, kampuni iliyozaliwa ndani ya Google. Bila shaka wasomaji wengi wanaikumbuka hiyo ya pili, watu wazima wakikimbizana mabarabarani kuwinda vijinyama ambavyo havipo.

Kuna jambo moja la Pokémon GO ambalo wengi hawalijui. Vituo vyake vingi vilirithiwa kutoka Ingress, na vya Ingress vilipendekezwa na wachezaji wenyewe: sanamu, michoro ya ukutani, majengo ya kale, nyumba za ibada. Maana yake mamilioni ya watu walisimamishwa mbele ya kumbukumbu za miji yao. Je, walijifunza? Wachache, pengine. Gemu ile haikuwataka waangalie lile jengo, iliwataka waangalie kioo cha simu. Mahali palikuwa chambo tu.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa. Gemu ya kufunza historia ni ile ambayo jibu lake haliko ndani ya simu. Liko ukutani, mlangoni, kwenye maandishi ya jiwe, au kinywani mwa mtu aliyeketi pale. Simu inakufikisha, macho na masikio yako yanamaliza kazi.

WALIOJARIBU WAMEPATA NINI

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Amsterdam, Uholanzi. Mwaka wa 2005 taasisi ya Waag ilijaribisha gemu iitwayo Frequentie 1550, kwa wanafunzi wa umri wa miaka kumi na mmoja hadi kumi na minne hivi. Wanafunzi walirudishwa kwenye mji wa zama za kati wakiwa maskini omba-omba au wafanyabiashara, na kazi yao ilikuwa kujipatia haki ya kuwa raia wa mji. Kila kikundi kiligawanywa. Baadhi walitembea mjini na simu zenye GPS, wenzao wakabaki kituo kikuu mbele ya kompyuta na ramani, wakiwaelekeza kwa simu na kuwatafutia maelezo. Baadaye walibadilishana kazi. Walipokuwa wakitembea walikutana na maswali kuhusu kazi, biashara, dini, utawala na ulinzi wa mji wa wakati ule.

Watafiti hawakuridhika na kusikia kwamba watoto walifurahi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2009 walichukua wanafunzi 458 wa madarasa 20 kutoka shule tano. Madarasa 10 yalicheza gemu, 10 yakafunzwa mambo yaleyale kwa njia ya kawaida. Waliocheza walionekana kuijua zaidi Amsterdam ya zama za kati. Lakini walipopimwa kuhusu hamu yao ya somo la Historia kwa jumla, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Matokeo hayo nayathamini kwa sababu hayakupambwa. Yanatuambia gemu humsaidia mtoto kuujua mji wake, lakini haitamfanya ghafla apende kitabu cha Historia. Atakayetuuzia gemu kama dawa ya kila ugonjwa wa elimu tumwambie atupishe.

Mfano wa pili ni wa Lexington, jimbo la Massachusetts, mahali vita vya uhuru vya Marekani vilipoanza mwezi wa Aprili 1775. Mwaka wa 2005 Karen Schrier, akiwa chuo cha MIT, alitunga gemu iliyochezwa palepale uwanjani. Swali lake lilikuwa moja: nani alifyatua risasi ya kwanza? Kila mchezaji alipewa nafasi yake. Mmoja ni askari wa wenyeji, mwingine ni askari wa Kiingereza, mwingine ni mtu mweusi aliyekuwa upande wa wenyeji, mwingine ni raia mtiifu kwa mfalme. Wote walitembea vituo vilevile, lakini ushahidi waliousikia haukuwa sawa. Mwishoni walikaa pamoja kubishana. Walichojifunza ni kwamba historia hutegemea ni nani anayeisimulia, na kwamba kazi ya mwanahistoria ni kupima shahidi mmoja dhidi ya mwingine.

Pale Madison, jimbo la Wisconsin, kuna gemu nyingine iliyowapeleka wachezaji kwenye maandamano ya wanafunzi ya mwaka wa 1967 dhidi ya kampuni ya Dow Chemical, wakati wa vita vya Vietnam. Mchezaji ni mwandishi wa habari. Anaposimama mahali ambapo tukio lilifanyika, simu humwonyesha filamu ya siku ile. Jengo ni lilelile, watu ndio wamebadilika.

TUITUNGE YA MOMBASA

Sasa tuje nyumbani. Chukua wanafunzi wanne na simu moja, uwapeleke Mji wa Kale asubuhi ya Jumamosi kabla jua halijawa kali. Mimi ningeweka vituo vitano.

Cha kwanza ni nje ya Ngome, Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano, na tangu mwaka wa 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Hayo mtoto anaweza kuyasoma popote. Gemu ifanye kama ile ya Lexington. Mwanafunzi mmoja awe Mreno aliyefungiwa ndani wakati Waomani walipoizingira kuanzia 1696 hadi 1698. Wa pili awe askari wa Oman aliye nje. Wa tatu awe mkazi wa Mvita ambaye mji ni wake na wanaopigana si yeye aliyewaita. Wa nne awe mfungwa wa wakati wa Waingereza, maana Ngome ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Kisha simu iwaulize wote wanne swali moja: ukuta huu ulikulinda au ulikufunga?

Hapohapo kuna habari ya Yusuf bin Hasan, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Mombasa aliyelelewa na Wareno Goa, akabatizwa na kuitwa Jerónimo Chingulia. Mwaka wa 1631 aliingia Ngome na watu wake, akamuua nahodha Mreno na kuiteka. Shujaa au msaliti? Waachwe wabishane. Mwalimu asikimbilie kutoa jibu.

Kituo cha pili ni Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa ulijengwa mwaka wa 1570. Wachezaji wabaki nje, wautazame mnara wake, kisha wafanye hesabu: msikiti huu umeitangulia Ngome kwa miaka mingapi? Ni miaka 23. Halafu simu iwaambie kwamba Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Mombasa mwaka wa 1331 na kuandika kuhusu watu waliokuwa na misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Hapo mtoto aliyedhani mji huu umeanza na Vasco da Gama mwaka wa 1498 atajirekebisha mwenyewe, kwa hesabu ya kutoa tu.

Kituo cha tatu ni Ndia Kuu. Jina lenyewe ni somo. Kwa nini "ndia" na si "njia"? Kwa sababu hapa ni kwa wenyewe Kimvita, na Kimvita husema ndia. Mtoto wa Mombasa ambaye amekuwa akicheka lafudhi ya bibi yake atagundua kwamba bibi huzungumza lugha iliyoandikwa kwenye kibao cha barabara. Kazi ya kituo hiki iwe kutazama juu: roshani za mbao, nakshi za milango, mchanganyiko wa mikono ya Waswahili, Waarabu na Wahindi. Wachore mlango mmoja kwa penseli. Kuchora humlazimisha mtu kuangalia, na kupiga picha hakumlazimishi.

Kituo cha nne ni Leven House, nyumba inayotazama maji karibu na Bandari ya Kale. Jina limetokana na HMS Leven, meli ya Kapteni William Owen. Mwaka wa 1824 Mazrui, watawala wa Mombasa, walikuwa wakiogopa nguvu za Seyyid Said wa Oman, wakamwomba Owen bendera ya Kiingereza. Akawapa. Aliyeachwa kusimamia mji, Luteni John James Reitz, alifariki mwaka huohuo, na jina lake ndilo tunalolitaja hadi leo tukisema Port Reitz. Serikali ya London haikuuridhia mpango huo, na mwaka wa 1826 bendera ikashushwa. Mwaka wa 1837 Seyyid Said akautwaa mji. Hapa simu iwape wachezaji nafasi ya mshauri wa Mazrui: ungekubali bendera ya mgeni ili kumzuia jirani? Wapige kura kwanza, ndipo waonyeshwe yaliyotokea.

Kituo cha tano ndicho muhimu kuliko vyote, na hakina jengo. Ni mzee aliyeketi barazani. Gemu iwaambie wachezaji waende, watoe shikamoo, waketi, wamuulize jambo moja: majahazi kutoka Uarabuni yalikuwa yakifika miezi gani, na kwa nini? Mzee atawaeleza kaskazi na kusi, upepo wa kuja na upepo wa kurudi, na pengine atawaeleza mengine kumi ambayo hakuna mtungaji aliyeyafikiria. Akiridhika nao atawapa neno la siri, na neno hilo ndilo linalofungua mwisho wa gemu. Bila mzee, hakuna ushindi.

Hiyo ni njia moja tu. Ya pili inaweza kuwa ya reli, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901, ikatuletea vibarua kutoka India na kubadilisha sura ya kisiwa hiki. Ya tatu iwe ya Freretown na Kongowea. Nyingine ziwe za Jomvu, Likoni, Changamwe. Mombasa si Mji wa Kale peke yake, na mtoto wa Mikindani asione kwamba historia ni ya watu wa ng'ambo.

VIZINGITI, NA NAMNA YA KUVIVUKA

Kwanza ni GPS yenyewe. Ukiwa mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Ukiingia vichochoro vya Kibokoni, ishara hugonga kuta za nyumba ndefu na kurudi, na simu inaweza kukuweka mtaa wa pili. Dawa ni kuweka vituo kwenye viwanja na njia panda, kukifanya kituo kiwe duara pana la mita thelathini, na kutumia swali ambalo jibu lake linaonekana pale tu. Hapo hata simu ikikosea, mchezaji hakwami.

Pili ni bando. Mzazi hawezi kuombwa pesa za intaneti kila wiki kwa ajili ya gemu. Ramani, picha na sauti vipakuliwe kabla, mahali penye intaneti ya bure, kisha gemu ichezwe bila mtandao. GPS haihitaji bando, ramani ndiyo inayohitaji. Watungaji wakilikumbuka hilo tangu mwanzo, gharama hupungua sana.

Tatu ni simu. Shule zetu nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na walimu wana sababu zao. Lakini hatuhitaji simu kwa kila mtoto. Moja kwa watoto wanne inatosha, nayo inaweza kuwa ya mwalimu au ya mzazi aliyejitolea. Tena ni bora hivyo: mmoja anashika simu, mmoja anaandika, mmoja anauliza maswali, mmoja anaangalia njia.

Huyo wa kuangalia njia si pambo. Tuktuk na bodaboda haziheshimu mtu aliyeinamisha kichwa, na wezi wa simu wanapenda sana mtu wa namna hiyo. Gemu itungwe ili swali lifunguke ukisimama, si ukitembea. Na watoto waende na mtu mzima.

Nne ni heshima. Mwaka wa 2016 makumbusho ya maangamizi ya Wayahudi pale Washington yalilazimika kuwaomba wageni wasicheze Pokémon GO ndani ya jengo la kuwakumbuka waliouawa. Sisi tusingoje kufika hapo. Msikiti ni wa ibada, nyumba ya mtu ni sitara yake, na makaburi si kituo cha gemu. Kabla kituo hakijawekwa, imamu, mwenye nyumba na wazee wa mtaa waulizwe. Akikataa mwenyewe, basi, tutafute pengine.

Tano ni siri za watoto. Gemu inayojua ulipo kila dakika inajua mengi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla habari za mtoto hazijachukuliwa. Njia rahisi ni kutochukua kabisa: kikundi kijiite "Papa" au "Jahazi", pasiandikwe jina la mtoto, wala nyayo zake zisihifadhiwe baada ya mchezo kwisha.

Sita ni riziki. Najua waongozaji watalii wa Mji wa Kale watauliza kama simu imekuja kuwanyang'anya kazi. Hofu hiyo ni ya haki. Wengi wao wamejifunza historia hii kwa miaka mingi na kula yao inatoka hapo. Jibu langu ni kwamba gemu isipowahusisha itakuwa mbovu, kwa sababu simu haiwezi kujibu swali ambalo halikutarajiwa. Wao wawe washauri wa maswali, na wao ndio watembee na vikundi, kwa malipo. Na yule mzee wa kituo cha tano asichukuliwe kama mali ya bure. Akiketi asubuhi nzima kufunza watoto wa watu, ana haki ya posho.

NANI ATAANDIKA MASWALI?

Hapa ndipo penye uzito. Programu za kutungia gemu hizi zipo, na baadhi ni za bure. TaleBlazer, kwa mfano, iliundwa MIT ili hata mwanafunzi aweze kutunga gemu yake bila kuwa mtaalamu wa kompyuta. Ramani huria ya OpenStreetMap pia ni ya bure, na yeyote anaweza kuongeza jina la mtaa wake. Kwa hivyo ugumu hauko kwenye teknolojia. Uko kwenye habari zenyewe: zikusanywe na nani, zihakikiwe na nani, na ziseme nini kuhusu mambo tusiyopenda kuyasema.

Maana gemu ya Mombasa isiyotaja utumwa itakuwa ya uongo, na itakayotaja utumwa pekee itakuwa ya uongo vilevile. Itakayowataja Wareno, Waomani na Waingereza bila kuwataja Thenashara Taifa, wale Tisa na wale Watatu, itakuwa imeandika historia ya wapangaji na kumsahau mwenye nyumba. Na itakayowaacha nje Wamijikenda, ambao wameishi na kufanya biashara na mji huu kizazi baada ya kizazi, itawafunza watoto kudharauliana. Mambo haya bado yanauma katika siasa zetu za ardhi na vyeo. Ndiyo sababu nasisitiza mtindo wa Lexington, mashahidi wengi na mabishano mwishoni, badala ya sauti moja inayotangaza kweli yote.

Na tusipoiandika sisi, itaandikwa. Kampuni ya ng'ambo haihitaji ruhusa yetu kuweka kituo mbele ya Ngome au kwenye ngazi za Leven. Itaweka kinachouzika kwa mtalii, na watoto wetu watausoma mji wao kwa macho ya mgeni.

TUANZE NA KARATASI

Ushauri wangu kwa walimu ni huu: msianze na simu. Anzeni na karatasi. Mtaala wa umilisi wenyewe unawataka wanafunzi wajifunze kwa kutenda na kuihudumia jamii yao. Basi darasa moja la gredi ya saba au ya nane lipewe kazi ya kukusanya habari za mtaa wake: jina limetoka wapi, jengo gani ndilo kongwe, nani anakumbuka. Wachague vituo vitano na kuandika swali moja kwa kila kituo. Wapeleke kazi yao kwa watu wa Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus na kwa wazee wawili watatu ili makosa yasahihishwe. Kisha darasa jirani licheze kwa karatasi na penseli. Swali lisiloeleweka litajulikana siku hiyohiyo. Likifaulu kwenye karatasi ndipo liingizwe kwenye simu.

Mtaona kwamba aliyejifunza zaidi si yule aliyecheza. Ni yule aliyetunga, kwa sababu huwezi kumuuliza mwenzako swali zuri kuhusu Ndia Kuu bila kwanza kwenda, kuangalia na kuuliza.

Kaunti inaweza kusaidia kwa posho za wazee na waongozaji. Makumbusho yanaweza kusaidia kwa picha za zamani na watu wa kuhakiki. Vijana wa kompyuta wamejaa mjini wakitafuta kazi ya maana. Likizo ya Agosti ni ndefu ya kutosha kwa shule moja kujaribu njia moja ya vituo vitano. Kinachotakiwa ni mwalimu mmoja wa kuanza, na mzee mmoja aliye tayari kutunza neno la siri.